Uganda Dhidi ya Mtoto Wangu

Tarehe 12 Septemba
Mvua imefika. Nimepanda maharagwe shamba lote la bondeni, mimi na Gervais, mtoto wangu wa mwisho. Mistari yangu imenyooka, yake imepinda. Nimemwambia.
Naandika Kiswahili nilichosomea kambini Tanzania, kwenye masomo ya watu wazima. Nilikuwa wa kwanza darasani. Mke wangu Godeberthe anasoma Kirundi vizuri, lakini Kiswahili cha kuandikwa kimemshinda. Basi humu nasema nitakavyo, hakuna wa kuniambia, "Ladislas, nyamaza."

Tarehe 15 Septemba
Mvua.

Tarehe 21 Septemba
Maharagwe yameota. Ng'ombe wa Natanaeli wamepita pembeni ya shamba langu, wakaacha alama za kwato kwenye mstari wa kwanza. Huyu Natanaeli ni Mkongomani wa Kivu Kusini, shemasi wa kanisa la wokovu. Mtu mrefu, anatembea kama vile anahesabu nyota mchana. Nimemwambia ng'ombe si malaika, wafungwe. Akasema, "Mzee, ngombe haina macho ya kusoma mupaka." Amecheka. Mimi sikucheka.

Tarehe 30 Septemba
Wameingia tena.

Tarehe 4 Oktoba
Leo ni siku mbaya, acha niandike taratibu.
Alfajiri Gervais alitangulia shambani. Akamkuta Bihogo, yule ng'ombe mwekundu wa Natanaeli, mwenye mimba, katikati ya maharagwe yetu. Akapiga kelele, ng'ombe hakusikia. Akarusha jembe kumtisha. Jembe likamkata mshipa wa mguu wa nyuma. Ng'ombe akaanguka kwenye mtaro, na mimba yake. Ilibidi achinjwe.
Gervais alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa Natanaeli, jembe bado mkononi. Kabla jua halijapanda watu wa Misiera, kijiji chetu cha wakimbizi, wote wamejaa. Wengine wanasema ni panga, wengine wanasema Warundi wanachukia ng'ombe. Natanaeli alikuwa amekaa chini, kichwa cha ng'ombe mapajani. Wanawe ndio waliokwenda polisi. Polisi wakaja na pikipiki, wakamfunga Gervais pingu mbele ya mama yake.
Nikamwambia yule askari, "Mimi ni mushingantahe. Mwachie, kesi hii nitaihukumu mwenyewe."
Akasema, "Mushinga nini?"
Nikamweleza. Kwetu Burundi mushingantahe ni mzee wa fimbo, mtu aliyeapishwa mbele ya kilima kizima kusema haki. Nilivishwa heshima hiyo nikiwa na meno yote.
Akasema, "Sawa ssebo, bwana. Lakini hapa fimbo iko ya sisi."

Tarehe 5 Oktoba
Sikulala. Godeberthe amepeleka chakula polisi, wamekipokea. Mimi wamenizuia mlangoni eti napiga kelele. Sauti yangu ndivyo ilivyo.

Tarehe 6 Oktoba
Wamempeleka Gervais mahakamani Mbarara. Wanasema sheria ya hapa haiwaruhusu kumkalisha polisi zaidi ya siku mbili. Sheria nzuri, sikatai. Nilikwenda. Njiani, kule Masha, ng'ombe wamejaa vilima vyote, wananenepa, hakuna anayewarushia jembe.
Mlangoni pa mahakama askari alininyang'anya fimbo. Nikaingia mikono mitupu kama mtoto. Hakimu ni mwanamke, kijana kuliko viatu vyangu. Karani akaita kwa Kiingereza, na jirani yangu wa benchi akanigeuzia: "Anasema Uganda dhidi ya Gervais."
Nikamwuliza, "Uganda ina hasira gani na mtoto wangu? Ng'ombe alikuwa wa Natanaeli, si wa Uganda."
Akasema nyamaza mzee, watakutoa.
Hawakuendelea. Hakuna mkalimani wa Kirundi. Shtaka linasema kuua mnyama kwa makusudi. Gervais amepelekwa rumande, yaani gereza la kungojea, mpaka mwezi ujao. Kizimbani alinitafuta kwa macho. Nilinyoosha mgongo ili anione vizuri.

Tarehe 7 Oktoba
Mvua. Magugu yanashindana na maharagwe.

Tarehe 11 Oktoba
Ametujia avoka, wakili, msichana Mnyankole anaitwa Kembabazi. Shirika lake linasaidia wakimbizi bure. Alivaa buti za mvua, akakaa kwenye kigoda changu cha kuhukumia. Kigoda changu! Godeberthe akanikonyeza nisiseme.
Nikaanza mimi. Nikamfundisha jinsi kesi inavyohukumiwa. Nikamwambia baba yangu aliniachia maswali mawili, na kwa hayo mawili nilimaliza ugomvi wa mashamba, wa wake, wa mifugo. Swali la kwanza: mkono ni wa nani? Mtu akikana mkono wake na watu walimwona, tunamtoza mara mbili, na jina lake linaoza. Akikubali, amekwisha kusamehewa nusu. Swali la pili: moyo ulikuwa wapi? Hilo hatuulizi kwa haraka. Mtu akinyamaza, wazee hawaendi nyumbani. Wanakaa wanamngoja, hata mvua inyeshe.
Binti akasikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu. Halafu akasema, "Mzee, huku kesi ziko njia mbili. Moja ni ya madai. Hiyo ni wewe na Natanaeli, ng'ombe yake amekufa, anataka alipwe. Hiyo mnaweza kupatana. Ingine ni ya jinai. Hiyo ni serikali na Gervais. Hata Natanaeli akisamehe, serikali inaendelea."
"Na serikali inataka nini?"
"Inataka kumfunga. Lakini lazima ionyeshe kwamba alikusudia. Kwa hiyo akisomewa shtaka, Gervais akatae."
Nilisimama. "Akatae? Jembe ni lake, damu waliiona, na wewe unakuja nyumbani kwangu kumfundisha mwanangu uongo?"
"Kukataa sio uongo, mzee. Ni kusema, ninyi mnaosema nilikusudia, onyesheni."
"Kwetu mtu akisema si mimi, na ni yeye, huyo hata kuzikwa anazikwa na watu wachache."
Akafunga mkoba wake. Akasema, "Huku akisema ni mimi, anaweza kufungwa miaka mingi. Wewe chagua unataka nani amzike nani."
Mdomo wa pilipili. Godeberthe amemsindikiza mpaka barabarani na mwavuli wetu, na sisi tuna mmoja tu.

Tarehe 12 Oktoba
Godeberthe hasemi nami. Kimya chake kina sufuria nyingi.

Tarehe 17 Oktoba
Nimeamua kuimaliza kesi kwa njia ya watu wenye akili. Nimebeba mtungi wa pombe ya ndizi, nimevaa koti, nimekwenda kwa Natanaeli.
Alikuwa anakamua. Akaangalia mtungi. "Mzee Ladislas, unaleta pombe kwa mushemasi?"
"Kwetu hakuna msamaha bila mtungi."
"Na kwetu hakuna mulokole mwenye kulewa." Lakini amecheka kidogo. Mtungi ukabaki nje kama mgeni asiyejulikana. Akaleta maziwa, akanywa, akanipa kibuyu kile kile. Nikanywa. Sijawahi kupenda maziwa, yanalala tumboni kama kesi isiyoisha.
Nikamwambia, "Mkono ni wa mtoto wangu. Nimekuja mwenyewe kusema. Chukua mbuzi wangu wote."
Alifunga kibuyu. Akasema, "Bihogo nilimutoa Kivu akiwa mu tumbo ya mama yake. Tulitembea naye mupaka hapa. Mbuzi yako haiwezi kujaza ile fasi." Kisha akasema, "Lakini Gervais alikuja kwangu yeye mwenyewe, analia. Sikusahau ile. Batoto yangu njo balikimbia kwa polisi, nilikuwa sina akili siku ile. Nimesamehe. Mbuzi, utaleta ukivuna."
Nilimdhania mtu wa majivuno. Kumbe urefu tu.

Tarehe 18 Oktoba
Tumekwenda wawili polisi pale Base Camp, makao makuu ya kambi, kufuta kesi. Natanaeli akasema, "Afande, miye njo mwenye ngombe. Nimesamehe, mumuachilie kijana."
Afande akasema, "Wewe sasa ni shahidi tu. Hii kesi sio yako tena, iko ya Uganda."
Natanaeli akanitazama, mimi nikamtazama. Akamwuliza, "Afande, Uganda alikunywa maziwa ya Bihogo?"
"Mzee, wacha maneno mingi. Faili imeenda Mbarara."
Tumerudi kwa miguu bila kusema. Afadhali mvua, ilitupa sababu ya kutosema.

Tarehe 25 Oktoba
Maharagwe yametoa maua. Sijui nimwambie nani.

Tarehe 2 Novemba
Siku ya marehemu wote. Nimewaombea baba na wazee wa kilima. Nimewauliza, wamenyamaza. Maana yake wako upande wangu.

Tarehe 6 Novemba
Leo nimemwona Gervais gerezani. Wamemnyoa. Ana nguo ya njano, shingo imekuwa nyembamba, masikio yamebaki makubwa kama alivyokuwa mtoto.
Akauliza habari za mama, za maharagwe. Kisha akasema, "Baba, wakili amesema nikatae shtaka. Amenieleza vizuri, nimeelewa."
Nikamwambia, "Wakili hakukuzaa. Ulirusha jembe ao hukurusha?"
"Nilirusha."
"Basi wakikuuliza sema ni kweli. Natanaeli amesamehe. Hakimu akisikia mtu anakubali, hata kama ni wa Uganda, atalainika. Mtoto wa Ladislas hajawahi kukana mkono wake mbele ya watu."
"Na wakinifunga?"
"Utafungwa na jina zuri."
Alishika ile waya iliyo kati yetu. Wenzake wengine walikuwa wanacheka na wageni wao. Akasema, "Sawa, baba." Ndivyo alivyosema. Sawa, baba. Nilimlea vizuri.

Tarehe 7 Novemba
Nimemweleza Godeberthe. Alikuwa anapepeta, akaacha ungo. Akasema, "Umekwenda gerezani kumsaidia askari kufunga mlango." Amelala kwa jirani.

Tarehe 8 Novemba
Mvua usiku na mchana. Nyumba ina sauti.

Tarehe 9 Novemba
Nimekaza kigoda, mguu mmoja ulilegea. Nimekikaza mara nne. Hakikulegea tena baada ya mara ya kwanza, lakini nitafanya nini kingine.

Tarehe 13 Novemba
Mahakamani. Nina mengi, mkono unauma, lakini nitaandika yote.
Fimbo wamechukua tena. Natanaeli alikuja na Biblia, tukakaa benchi moja. Godeberthe alikaa mbele na wakili. Safari hii mkalimani yupo, Muhirwa, bwana wa Biharwe mwenye sauti safi. Akamsomea Gervais shtaka kwa Kirundi, kila mtu akasikia.
Hakimu akauliza kama ni kweli au si kweli.
Gervais akasema, "Ni kweli."
Nilivimba. Ndiyo, naandika ukweli, nilivimba kwa furaha. Nikamgusa Natanaeli kwa kiwiko nikasema, umesikia? Huyo ni wangu. Natanaeli hakunitazama. Kembabazi alifumba macho. Godeberthe alishika kichwa kwa mikono miwili.
Halafu akasimama mwendesha mashtaka, bwana mwenye tai nyekundu, akasoma habari yenyewe. Muhirwa anageuza neno kwa neno. Kwamba mshtakiwa alikuwa na chuki ya muda mrefu na mlalamikaji. Kwamba alimvizia ng'ombe alfajiri. Kwamba alimkata kwa makusudi, akijua ana mimba, ili kumkomoa mwenye ng'ombe.
Mtu huyo wanayemsoma simjui. Hakuzaliwa kwangu. Lakini mwanangu ameshasema ni kweli, na mimi ndiye niliyeweka neno hilo mdomoni mwake.
Hakimu akaweka kalamu chini. Akamwambia Gervais, "Umesikia yaliyosomwa. Ndivyo ilivyokuwa?"
Akangoja. Yule binti akangoja! Hakugonga meza, hakutazama saa, hakumharakisha. Watu wakakohoa, yeye akangoja. Na mimi nikamjua. Hilo ni swali la pili. Moyo ulikuwa wapi? Nilikuwa nimekwenda gerezani na swali moja tu, mimi, mwenye mawili.
Gervais akageuka akanitafuta. Nilitaka kumwambia kitu. Kichwa sikukitikisa, mkono sikuuinua. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akarudisha uso kwa hakimu. Akasema kwa Kirundi, polepole, sauti ya mtu mzima:
"Mkono ni wangu. Moyo uliosomwa hapo si wangu."
Muhirwa akageuza. Hakimu akamwuliza afafanue. Akaeleza: kumtisha, jembe, mshipa, mtaro, mlango wa Natanaeli. Hakimu akaandika muda mrefu. Akasema mshtakiwa amekubali kitendo lakini anakana kukusudia, kwa hiyo mahakama inaandika kwamba amekataa shtaka, na serikali ilete mashahidi wake.
Nikajikuta nimesimama. Askari akanikalisha kwa bega. Sijui nilitaka kusema nini. Ni mara ya kwanza.
Nje Kembabazi akanipita, akarudi. "Mzee, ile neno ulimfundisha wewe?"
Ningeweza kusema ndiyo. Maneno hayo yalitoka kwenye kigoda changu, Gervais alikua chini yake akichezea vumbi nikihukumu. Nikasema, "Alisikia mwenyewe." Hata sasa sijui kwa nini nilisema hivyo.

Tarehe 14 Novemba
Nimepalilia peke yangu. Mistari ya Gervais iliyopinda inatoa maganda sawasawa na yangu.

Tarehe 20 Novemba
Godeberthe amerudi kulala nyumbani. Ameweka mto wake upande wa miguu yangu. Ni mwanzo.

Tarehe 29 Novemba
Jua. Maganda yanakauka. Natanaeli amefunga ng'ombe wake upande wa pili wa barabara, hakuna aliyemwambia.

Tarehe 4 Desemba
Mashahidi. Mwana wa Natanaeli alisema alimwona Gervais na jembe, hakuona alivyorusha. Askari akasema alikuta ng'ombe amekwisha kuchinjwa.
Akaitwa Natanaeli. Akaapa, Biblia ikionekana ndogo mkononi mwake. Mwendesha mashtaka akamwuliza kama palikuwa na chuki kati ya nyumba hizi mbili.
"Chuki hapana. Kelele njo ilikuwa. Mzee Ladislas ana kelele mingi."
Watu wakacheka. Hakimu pia, kidogo, nilimwona.
Kembabazi akasimama, akamwuliza, "Kwa nini unafikiri hakukusudia?"
Natanaeli akasema, "Mutu mwenye kuua ngombe ya mwenzake kwa makusudi anakimbia. Huyu alikuja kunigongea, akanishika mukono, akanivuta tuende kuamusha Bihogo. Tulimuinua sote wawili. Alilia kuliko miye. Ile siku nilikuwa na hasira, sikusema. Leo niko nasema."
Mwendesha mashtaka akasema hana shahidi mwingine. Hakimu atatoa uamuzi tarehe kumi na moja. Wiki nzima! Nitakula nini wiki nzima?

Tarehe 8 Desemba
Sijala kitu cha maana. Kembabazi amepiga simu kwa Godeberthe, si kwangu.

Tarehe 11 Desemba
Hakimu amesema serikali haikuonyesha makusudi, mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Ameachiwa. Akaongeza kwamba mambo ya fidia ya ng'ombe ni ya wenyewe, wakishindwa kupatana waende njia ya madai. Nikamwambia Kembabazi, "Hiyo ya pili nimekwisha kuimaliza kwa maziwa." Akacheka, akanipa mkono. Nimemwambia akija nyumbani kigoda ni chake.
Gervais alimkumbatia mama yake. Alimkumbatia Natanaeli. Mimi alinipa mikono miwili, kwa heshima.

Tarehe 12 Desemba
Tumeanza kuvuna. Gervais hasemi.

Tarehe 13 Desemba
Anang'oa maharagwe, anaweka, anang'oa. Nimemsimulia jinsi watu walivyosifu jibu lake mahakamani. Akasema, "Ndiyo, baba."

Tarehe 16 Desemba
Nimempelekea Natanaeli mbuzi wote. Amerudisha jike mmoja mwenye mimba. Anasema nyumba bila mtoto wa mnyama inanuka moshi tu. Nimekunywa maziwa. Yameanza kunizoea.

Tarehe 18 Desemba
Maharagwe yametandazwa uani yakauke. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa, nikawa nayasukuma haraka kwa ufagio. Gervais akatoka ndani, akasimama mbele yangu.
"Baba. Ile siku gerezani, uliponiambia niseme ni kweli. Mkono ulikuwa wa nani?"
Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Mimi ndiye ninayeuliza.
Nikasema, "Wangu."
Akatikisa kichwa kukubali, kama mimi ninavyotikisa. Akasema, "Na moyo ulikuwa wapi? Kwangu, ao kwa jina lako?"
Nikaendelea kufagia. Nikamwambia mvua inakuja, asaidie kukusanya. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka katikati ya ua, akakaa.
Godeberthe ameingiza maharagwe peke yake. Mvua imeanza. Nimekaa mlangoni naandika haya ili mikono iwe na kazi. Kigoda hakilegei, nilikikaza vizuri.
Bado amekaa, ananingoja.